Soave ya Italia: iende na chakula gani hapa Dodoma, na mbona wateja wanaitegemea iwe tamu?

JikoLaAreaD

Wadau, habari za jioni.

Naomba msaada wa wanaoufahamu mvinyo huu vizuri. Mgahawa ni mdogo, viti 24, Area D. Msambazaji ameacha chupa tatu za kuonja, zote nyeupe, zote za Italia, zote zina neno Soave, ila bei zimeachana mno. Ya kwanza imeandikwa Soave DOC (alama ya Italia ya eneo lenye kanuni zake), basi. Ya pili ni Soave Classico DOC, bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Ya tatu ni chupa ndogo ya mililita 375, Recioto di Soave DOCG (daraja la juu ya DOC), na ukipiga hesabu kwa glasi hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Jikoni tunatoa perege wa Mtera (wa kukaanga na wa kuchoma), kuku wa kienyeji, kiti moto, mbuzi choma, ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na pilau Ijumaa na Jumapili. Wateja waliopewa glasi ya kwanza walikunja uso wakasema "mbona mkavu hivi", maana mhudumu alishawaambia kuwa soave kwa Kiitaliano ni kitu laini, kitamu.

Ninachotaka kujua: tofauti halisi ya chupa hizi tatu ni nini, ipi iende na chakula kipi, na ipozwe kiasi gani. Kwa sasa zinakaa friji moja na soda. Na kama kwenye orodha hiyo kuna chakula ambacho Soave haifai kabisa, nitajieni bila kuficha. Sitaki kumuuzia mtu chupa ya bei ile halafu asionje kitu.

---

KichalaCheupe

Karibu mkuu. Nianze na jina, kwa sababu ndilo lililowapotosha wateja wako.

Soave ni mji. Uko mkoa wa Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, kilomita ishirini na kitu mashariki ya Verona. Ni mji mdogo uliozungushiwa ukuta wa zamani, na juu ya kilima kuna ngome. Ni kweli neno hilo kwa Kiitaliano lina maana ya upole au kupendeza, lakini mvinyo umebeba jina la mji, si jina la ladha. Soave DOC na Soave Classico ni mivinyo mikavu: karibu sukari yote ya zabibu imeliwa na hamira. Mhudumu aseme "ni mkavu, laini mdomoni, una harufu ya pea na lozi", na aseme hivyo kabla ya kumimina.

Zabibu yake inaitwa Garganega. Kanuni za eneo zinataka isipungue asilimia 70, na zilizobaki ziwe Trebbiano di Soave au Chardonnay. Wazalishaji wengi wa milimani wanatumia Garganega tupu. Hiyo Trebbiano di Soave usiichanganye na Trebbiano Toscano, ambayo huzaa sana na kutoa mvinyo mwepesi usio na la kusema. Ya Soave, kwa vinasaba, ni zabibu ileile inayoitwa Verdicchio kwenye mkoa wa Marche. Garganega huchelewa kuiva, huvunwa katikati ya Septemba mpaka Oktoba, na kichala chake ni kirefu kilicholegea. Mvinyo wake ukishameza hubakiza uchungu mdogo, kama umetafuna kokwa ya lozi. Mteja asiyeambiwa hudhani chupa imeharibika. Haijaharibika, Garganega ndivyo ilivyo, na kwenye chakula uchungu huo una kazi kubwa.

Sasa chupa zako.

Soave DOC, cheo ambacho ilipata mwaka 1968, inaruhusiwa kutoka eneo lote, pamoja na ardhi tambarare chini ya vilima. Tambarare ile ina rutuba na maji, mzabibu unabeba vichala vingi, na juisi inakuwa nyepesi. Miaka ya 1970 Marekani iliipenda sana Soave, mashamba yakateremka kwenye tambarare na jina likashuka heshima. Ndiyo maana hadi leo utakuta Soave ya bei ndogo ambayo ni maji yenye ndimu. Zipo nzuri, lakini jina peke yake halikupi dhamana.

Soave Classico hutoka kwenye vilima vya asili tu, vya Soave na Monteforte d'Alpone, eneo lililowekewa mipaka tangu 1927. Sehemu kubwa ya vilima hivyo ni mawe meusi ya volkano, na upande wa magharibi, karibu na mji wenyewe, kuna udongo mweupe wa chokaa. Mzabibu wa mlimani hauzai kwa fujo, kwa hiyo juisi inakuwa na uzito. Tangu 2019 kuna majina 33 ya vilima na sehemu maalumu yanayoweza kuandikwa kwenye lebo, kama Foscarino au Castelcerino. Ukiona jina la kilima, mzalishaji anakuambia zabibu zimetoka pale tu.

Recioto di Soave ni kitu kingine kabisa. Hiyo ndiyo tamu. Vichala huvunwa, hutandazwa kwenye mikeka au kreti ndani ya dari yenye hewa, vikaachwa miezi minne hadi sita vinyauke. Maji yanapungua, sukari inabaki. Ukikamua kilo nyingi za zabibu unapata juisi kidogo, nzito kama sharubati. Bei yake imetokana na hapo. Ilipata daraja la DOCG mwaka 1998, wa kwanza Veneto nzima. Wateja wako wanaotaka utamu waelekeze huko, kwa glasi ndogo ya mililita 60 baada ya chakula. Usiwape na perege.

Msambazaji akikuletea pia Soave Superiore, hiyo ni kavu, DOCG tangu 2001, kileo hakipungui asilimia 12, na mwili wake ni mzito kidogo kuliko hizo mbili za kwanza.

---

MamaWaNkuhungu

KichalaCheupe amemaliza ya shambani, nami niseme ya jikoni.

Mdogo wangu, ile kanuni ya "nyeupe na samaki, nyekundu na nyama" iweke pembeni. Samaki yuleyule anaweza kuipandisha Soave au kuiua, kutegemea umemtia nini. Soave ina uchachu wa wastani, si mkali. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo hugeuka maji mdomoni. Chakula kikiwa na chumvi na mafuta, mvinyo huamka. Ukishika hayo mawili utajipangia menyu yako mwenyewe.

Perege wa kukaanga. Hapa ndipo Soave DOC ya kawaida inapokaa vizuri kuliko popote kwenye orodha yako, na hapahapa ndipo wapishi wengi wanakosea, kwenye limao. Perege wa gramu 500 humtosha mtu mmoja. Mpige chale tatu kila upande, mpake chumvi kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu punje mbili zilizotwangwa, na limao robo tu, si zima. Akae dakika 15, kisha mpanguse kwa kitambaa hadi ngozi iwe kavu kabisa. Usipompangusa, maji yanarusha mafuta, ngozi hailiki karakara, na limao lililobaki linachacha kwenye ngozi. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba kipande cha kitunguu kikitua kinacheza papo hapo. Dakika 5 hadi 6 kila upande. Kipande cha limao kiwekwe pembeni ya sahani, mteja ajikamulie akitaka, lakini mhudumu amshauri aonje mvinyo kwanza.

Perege wa kuchoma ana moshi, kwa hiyo mpe Classico. Nyepesi itamezwa na moshi. Mchuzi wa ukwaju usimwagwe juu yake. Ukwaju wa huku kwetu ni mchachu kweli, vijiko viwili vinatosha kuizima Soave yoyote, ya bei yoyote.

Kuku wa kienyeji: Classico. Achemshwe kwanza na tangawizi kidogo na chumvi, supu ihifadhiwe, ndipo akaushwe kwenye mkaa. Tangawizi isizidi kipande cha kidole gumba kwa kuku mzima. Ikizidi, inakutana na ule uchungu wa lozi na mdomo unabaki mchungu tupu.

Ugali na mlenda. Watu watakwambia haiwezekani, ila tazama Waitaliano wenyewe wanakula nini. Veneto ni nchi ya polenta, yaani ugali wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu. Pale Vicenza, jirani na Soave, chakula chao kikuu cha sifa ni samaki mkavu aliyelowekwa siku kadhaa kisha akachemshwa taratibu saa nyingi na vitunguu, mafuta na maziwa, akaliwa na hiyo polenta. Na Soave ni mvinyo wanaoweka mezani na chakula hicho. Kwa hiyo ugali na kitoweo kizito chenye mafuta wala si jambo geni kwa mvinyo huu.

Shida ya mlenda ni magadi. Uchachu wa mvinyo ukikutana na magadi mdomoni, magadi yanaumeza. Mvinyo unakuwa bapa, na wengine husikia kama ladha ya sabuni. Kwa lita moja ya maji ya mlenda tia magadi ya kuokota kwa ncha za vidole viwili tu, usitie kwa kijiko. Ute utapungua kidogo, lakini karanga zitafidia uzito: gramu 100 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, zitiwe mlenda ukishaiva, dakika tano za mwisho, zikoroge pole pole. Karanga na lozi ya Garganega ni marafiki. Mlenda wa namna hiyo na Classico nitautetea popote.

Pilau yenye karafuu na mdalasini mwingi, hapana. Harufu ya karafuu inajaza pua, Soave haina nguvu ya kushindana nayo. Ukitaka pilau iende, kwa kilo moja ya mchele tia karafuu nne tu, iliki sita, bizari nzima kijiko cha chakula, na uiegemeze kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi rangi ya kahawia. Bila hivyo, usiandike Soave kwenye mstari huo wa menyu.

Mbuzi choma, hapana moja kwa moja. Nyama imeungua pembeni, ina harufu ya mbuzi, halafu kachumbari yenye siki. Mvinyo mweupe mwepesi unapotea. Hapo uza nyekundu ya hapa nyumbani.

Kiti moto wa kukaanga, ndiyo, Classico iliyopoa vizuri. Mafuta ya nyama na chumvi yanaitaka. Pilipili mbuzi iletwe kwenye kisahani cha pembeni, maana kileo huongeza moto wa pilipili, na mtu akishaungua ulimi hatajua anakunywa nini.

---

JikoLaAreaD

Shikamoo mama, na asanteni sana wote. Hilo la magadi sijawahi kulisikia popote, na ni kweli jikoni tunatia kwa kijiko.

Nina maswali mawili madogo. Chupa ya kwanza, ile ya Soave DOC, ikitoka friji haina harufu yoyote, kama maji baridi. Ni mvinyo mbaya au tunakosea? Na la pili, umeme ukikatika mchana wa jua kali tunafanyaje? Stoo yetu ni ya bati.

---

KizibuoMkononi

Shikamoo yako mama ataiitikia mwenyewe, mimi nijibu ya friji.

Friji la soda huwa kati ya nyuzi 3 na 5. Kwenye baridi hiyo harufu ya Soave haitoki, imelala. Halafu baridi kali huficha matunda na kuacha uchachu na uchungu peke yake, kwa hiyo wateja wako walikunja uso kwa sababu mbili, jina na friji. Soave DOC inywewe nyuzi 8 hadi 10. Classico na Superiore 10 hadi 12. Recioto 12 hadi 14.

Bila kipimajoto fanya hivi. Chupa iliyolala kwenye friji la soda itoe iwekwe mezani dakika 15 hadi 20 kwa joto letu la mchana, Classico dakika 25. Chupa inatoa jasho, matone yanaanza kuungana na kuteremka, na ukishika shingo kwa kiganja inakuwa ya baridi lakini haichomi. Hapo fungua. Ni bora ukose upande wa baridi, kwa sababu glasi itajipasha yenyewe. Ndiyo maana usijaze: mimina mililita 100 hadi 125, uongeze baadaye. Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobana kidogo, ijae theluthi moja tu, ili harufu ipate pa kukaa. Glasi bapa ya juisi inaitupa harufu yote hewani.

Umeme ukikatika: ndoo ya lita 10, barafu kilo 2, maji lita 3, chumvi konzi mbili. Maji ni ya lazima. Barafu tupu bila maji inagusa chupa sehemu chache, katikati ni hewa, na hewa haipozi upesi. Chumvi inashusha maji yale chini ya sifuri. Chupa izame hadi mabegani, izungushe kila dakika tatu au nne. Ikitoka kwenye joto la nyuzi 28, kwa dakika 15 hadi 20 imefika. Ukiiacha zaidi itapitiliza, na lebo itabanduka, kwa hiyo ifunge kwa mfuko wa nailoni kama mteja anataka kuiona. Friza usiitumie ukiwa na mambo mengi mezani. Dakika 30 zinatosha, ukisahau saa mbili mvinyo unaganda, unavimba na kusukuma kizibo au kupasua chupa.

Stoo ya bati ndiyo inanitia wasiwasi kuliko yote. Chini ya bati mchana joto linaweza kupita nyuzi 35. Mvinyo unavimba ndani ya chupa, kizibo kinasukumwa, usiku unapoa na kuvuta hewa. Wiki chache za hivyo na Soave inakuwa ya rangi ya dhahabu iliyochafuka, harufu ya tofaa lililopikwa likalala. Hakuna dawa ya kuirudisha. Hamisha chupa leo: kabati la chini kabisa, ukuta usiopigwa na jua la mchana, ndani ya boksi lake, zilale kama ni za kizibo cha gome ili kisikauke. Za kifuniko cha kusokota zinaweza kusimama. Mbali na jiko, mbali na injini ya friji. Na usizipange dirishani kama pambo: mwanga wa jua peke yake huharibu mvinyo mweupe, hasa kwenye chupa isiyo na rangi.

Msambazaji akileta katoni, kagua kabla ya kusaini. Shika karatasi ya shingo ujaribu kuizungusha. Ikiwa imeganda na inanata, mara nyingi mvinyo umevuja chini yake kwa joto. Pitisha kidole juu ya kizibo: kiwe sawa na mdomo wa chupa au ndani kidogo, kisiwe kimechomoza. Nyanyua chupa mbili za sanduku moja kwenye mwanga, ulinganishe kimo cha mvinyo shingoni. Angalia stempu ya TRA. DOCG iwe na utepe wa karatasi wenye namba shingoni. Na tazama mwaka wa mavuno: Soave DOC ya kawaida inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu, usikubali mzigo wa zamani hata kwa punguzo. Classico ya kilima kizuri inavumilia mitano na kuendelea, ikiwa imetunzwa. Kwenye lebo tafuta pia maneno "imbottigliato all'origine", maana yake imetiwa chupani palepale ilikotoka.

Kasoro mbili ambazo wahudumu huzichanganya. Ukifungua ukasikia harufu ya boksi lililolowa mvua, kizibo kimeiambukiza. Rudisha, hata ikikaa glasini haiponi. Lakini ukiona chini ya chupa chembe nyeupe zinazong'aa kama sukari, hizo ni chumvi za asili za zabibu zilizotulia kwa baridi. Hazidhuru. Simamisha chupa saa moja, umimine taratibu, uache kidole kimoja chini.

---

ShambaMpunguzi

Niongeze la wakulima, halafu nipingane na mama kidogo kwa heshima.

Kule Soave mizabibu mingi bado inalelewa kwenye vichanja virefu vya mtindo wa Verona: mti unapanda juu ya kichwa cha mtu, matawi yanatandazwa kama paa, vichala vinaning'inia chini yake kivulini. Garganega ina nguvu ya kukua na inapenda kutandazwa. Mwaka 2018 mashamba hayo ya jadi yalitambuliwa na FAO kama urithi wa kilimo wa dunia. Sisi wa Dodoma tunaelewa thamani ya kivuli kile: jua la hapa likikipiga kichala moja kwa moja, ganda linaungua na uchachu unaisha kabla sukari haijakaa sawa. Tofauti yetu kubwa ni kalenda. Wao wana msimu wa baridi unaoulaza mzabibu, wanavuna mara moja. Hapa mzabibu haulali, unauamsha kwa kupogolea, na tunavuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Kwa nini nasema haya kwenye uzi wa chakula? Kwa sababu zabibu nyeupe ya mvinyo tuliyo nayo ni Chenin Blanc, na Chenin hushika uchachu hata penye joto. Uchachu wake ni mkali kuliko wa Garganega. Kwa hiyo mkuu wa Area D, yale mama aliyoyakataza kwa Soave, ukwaju, kachumbari yenye ndimu, perege aliyelowa limao, yape mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma. Utaiokoa Soave na fedheha, na utauza cha nyumbani pale kinaposhinda.

Ninapopingana na mama ni kiti moto. Nyama ile ina nguvu, mimi ningeipa nyekundu ya zabibu ya Makutupora.

---

MamaWaNkuhungu

Marahaba kwanza kwa mwenye mgahawa.

ShambaMpunguzi, tuko mbali kidogo tu. Inategemea amepikwaje. Kiti moto wa rosti, wenye nyanya na pilipili hoho, nyanya imeshaleta uchachu na mchuzi una uzito. Hapo nyekundu yako ni sawa, nakubali. Lakini wa kukaanga mkavu, chumvi tupu, na ndizi za kukaanga pembeni, hana mchuzi. Kilichopo ni mafuta na chumvi. Nyekundu ya Makutupora ina ukakasi, na ukakasi hukausha ulimi. Mweupe uliopoa unausafisha mdomo na mkono unarudi kwenye sahani. Andika hivyo kwenye menyu: rosti kwa nyekundu, mkavu kwa Classico.

La Recioto nilisahau. Wateja wanaotaka utamu wapewe na kashata za karanga au visheti, lakini shira iwe nyembamba. Kitafunwa kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka mchachu. Kashata za karanga tupu zenye sukari gramu 150 kwa karanga gramu 250 zinatosha. Zile za nusu kwa nusu zinaizidi.

---

JikoLaAreaD

Nimeelewa vizuri. Chupa zimeshatoka stoo ya bati, ziko kabati la chini ya kaunta, upande wa kivuli.

La mwisho: nikiuza kwa glasi, chupa iliyofunguliwa inakaa siku ngapi, na nihesabu glasi ngapi kwa chupa?

---

KizibuoMkononi

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125 kimahesabu. Wewe panga bei kwa glasi tano, kwa sababu kuna ya kuonjesha, kuna matone ya mwisho, kuna chupa moja moja itakayokuwa na harufu ya kizibo. Wahudumu wapewe kipimo cha mililita 125, wasikadirie kwa jicho.

Ukishafungua, rudisha kizibo mara baada ya kila glasi na chupa irudi friji ikiwa imesimama, ili uso unaogusa hewa uwe mdogo. Usiiache juu ya kaunta jioni nzima. Soave DOC siku mbili bado inauzika, ya tatu ionjwe kwanza na mtu wa kaunta kabla ya kumpa mteja. Classico siku tatu, pengine nne. Recioto, kwa sukari yake, wiki moja hadi mbili. Ukiwa na chupa ndogo safi ya mililita 375 yenye kifuniko cha kusokota, ukifungua chupa kubwa jioni yenye wateja wachache, jaza hiyo ndogo hadi shingoni papo hapo, funga, weka friji. Hakuna hewa ndani, kwa hiyo nusu hiyo inakaa vizuri siku mbili zaidi. Andika tarehe kwenye mkanda wa karatasi, ubandike.

Iliyopita muda usiimwage. Ipeleke kwa kuku: mililita 150 kwenye kikaango baada ya vitunguu kulainika, iache ichemke hadi ibaki theluthi, ndipo utie supu ile ya kuku wa kienyeji. Isipopunguzwa hivyo kwanza, mchuzi unabaki na uchachu mbichi. Iliyobadilika rangi na kunuka siki, hata jikoni usiiingize.